Nililifuta Jibu, Likagoma Kufutika

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihangaike, nakupa kwa kifupi. Mimi ni Editha wa Mafiga, mwenye ule ukurasa wa maswali na majibu kwenye mtandao. Swali moja kati ya mengi niliyoyaweka humo liliwakutanisha ndugu kwa panga huko juu ya Mlali, kijana aitwaye Jastin akakatwa bega hadi mfupa ukaonekana. Watu wa mlimani wakashuka mjini, wakavunja mlango wetu, wakaondoka na mdogo wangu Yeremia. Nilikuta ndara zake tu. Kisha wakanipigia simu: njoo peke yako, ukija na askari utamwokota mtoni.

Nikaenda. Bodaboda ikaniacha pale barabara inapogeuka kuwa mawe, nikapanda kwa miguu katikati ya matuta ya kabichi hadi kwenye banda nililoelekezwa. Wiki jana niliishia pale nilipousukuma mlango.

Ndani nikamwona Yeremia.

Alikuwa amefungwa kwenye nguzo kwa kamba ya katani. Jicho moja limefumba kabisa. Aliponiona akajaribu kucheka, na jino la mbele halikuwepo.

"Dada, umechelewa," akasema. "Ugali wangu wameshaula."

Nililia. Sioni aibu kusema. Huyu ndiye niliyeachiwa na mama, sina mwingine.

Kwenye kreti ya kabichi alikaa mzee mmoja, kofia imewekwa mapajani. Kando ya nguzo alisimama kijana mrefu mwenye panga. Kwenye kona, chini, kulikuwa na mwanamke wa makamo amefungwa mikono kwa khanga yake mwenyewe, mdomo umepasuka na kuvimba. Wanaume wengine walikuwa nje, wakaingia nyuma yangu na kuufunga mlango.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Ndiyo, nilimwamkia. Hata ukipelekwa kuchinjwa, mkubwa unamwamkia kwanza.

"Marahaba, binti," akaitika. "Mimi ndiye Severini, mjomba wa Jastin aliyekatwa. Huyu mwenye panga ni Ezekiel, kaka yake. Yule pale ni shemeji yangu Semeni, mjane wa ndugu yangu Athanas. Lakini yule wewe unamfahamu vizuri kuliko sisi."

"Simfahamu, mzee. Namwona leo."

Ezekiel akanizaba kofi. Halikuwa kofi la kutishia. Niliangukia kreti, nikasikia damu ya chumvi ulimini.

"Humfahamu, na jina lake umeliandika dunia nzima isome?"

Akanisukumia simu yake usoni. Ulikuwa ni ukurasa wangu, na mandhari yake ya kijani ambayo Yeremia alichagua mwenyewe.

"Soma," akasema. "Soma kwa sauti, na huyu mkaza mjomba wangu asikie."

Nikasoma. "Swali. Mimi ni Semeni, mjane, naishi milima ya Uluguru. Mume wangu amefariki na ndugu zake wanalitaka shamba. Je, nina haki ya kubaki?"

"Na jibu!"

"Jibu. Ndiyo. Shamba ni lako na watoto wako. Usitoke, hata wakija na panga."

Yule mama kwenye kona akafumba macho.

Hapa inabidi nikueleze kazi yangu ilivyo, la sivyo utaniona mwendawazimu. Mimi sisubiri watu waniulize. Mtu akitaka kujua jambo, anaandika kwenye Google, na kabla hajamaliza kuandika, yenyewe inamletea maneno ambayo wengine wameshayatafuta. Maneno hayo ndiyo mtaji wangu. Nayachukua, nayageuza kuwa swali, nalivisha swali jina la mtu na mahali anapoishi, kisha nalijibu mwenyewe. Jibu liwe fupi, likae juu kabisa. Likiwa fupi na la uhakika, linanyakuliwa na kuwekwa juu ya kurasa zote, na watu wanamiminika kwangu.

Kwa hiyo hakuna Semeni aliyeniuliza. Nilitaka jina lenye harufu ya mlimani, likanijia hilo. Mume wa Semeni huyu wa kweli alikuwa bado mzima nilipoliandika. Alikufa baadaye, kwa homa, kama watu wanavyokufa.

Na yale maneno ya panga? Jibu lilikuwa limepooza, nikaliongezea chumvi.

Sasa utaniuliza, kwa nini sikusema hayo palepale? Kwa sababu nilikuwa mwoga. Ezekiel alikuwa ameshika panga na shingo ya mdogo wangu ilikuwa karibu. Niliona wakijua kwamba vita yao yote ilianzia kichwani mwangu, hatutoki. Nikanyamaza, na yule mama akaendelea kubeba mzigo wangu.

"Tunataka kitu kimoja tu," alisema mzee Severini. "Lifute. Wake za watu huku wameanza kulisomeana kisimani. Juzi mjane mwingine bondeni amewafukuza shemeji zake kwa mawe. Lifute, umchukue ndugu yako."

Moyo ukanirudi. Kufuta ni kitu gani? Ni kubonyeza tu!

"Naomba nitumie simu yangu, mzee. Na mahali penye mtandao."

"Dirishani," akasema Ezekiel. "Nyanyua mkono."

Nikaenda dirishani, nikanyanyua simu juu. Ikashika. Nikaingia, nikaliona swali, nikabonyeza kufuta. Likaniuliza kama nina uhakika. Sijawahi kuwa na uhakika namna ile tangu nizaliwe.

"Tayari," nikasema. "Limefutika."

Ezekiel akachukua simu yake. Akaandika polepole, kidole kimoja, huku anatamka. "Mjane... Uluguru... shamba..." Akasubiri. Kisha akaisoma, kwa sauti ya mtu anayesoma masomo kanisani:

"Ndiyo. Shamba ni lako na watoto wako. Usitoke, hata wakija na panga."

Sikuona mkono wake ukinyanyuka. Nilisikia tu. Alimpiga Yeremia kwa ubapa wa panga ubavuni, na Yeremia akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Nimefuta!" nikapiga kelele. "Haki ya Mungu nimefuta! Ona kwangu, halipo!"

"Kwako halipo na kwangu lipo. Nani mjinga hapa?"

"Ezekiel, nisikilize kaka yangu. Google inanakili ukurasa, inaweka nakala kwake. Mimi nikifuta kwangu, ile ya kwake inabaki hadi ipite tena kukagua."

"Inapita lini?"

"Inaweza kuwa leo. Inaweza kuwa wiki."

"Nani mkubwa wake huko?"

"Sijui."

"Mpigie."

"Hapigiwi, Ezekiel."

Akampiga tena, palepale. Safari hii Yeremia hakulia, aliachama tu mdomo akitafuta pumzi.

"Unafanya kazi na mtu usiyeweza hata kumpigia simu?" Ezekiel akanicheka. "Na wewe unajiita msomi wa mjini."

Alikuwa na haki.

"Mwache apumue," alisema mzee Severini. "Binti, huna njia nyingine?"

Nikafikiri haraka. "Ninayo. Nitaurudisha ukurasa, lakini nibadilishe jibu. Niandike kwamba shamba ni la ukoo. Atakayebonyeza aingie, atakuta hilo."

"Andika. Na uandike ninavyokwambia."

Akanitajia, nami nikaandika. Mjane wa Uluguru na ukoo wa mume wake wakae wazungumze, shamba la ukoo linabaki kwa ukoo. Nikalipandisha. Ezekiel akatafuta tena. Akabonyeza, akaingia, akalikuta jibu jipya. Akamwonyesha mjomba wake, mzee akaitikia kwa kichwa. Nikaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

Kumbe Ezekiel hakuwa amemaliza. Alirudi kwenye orodha ya Google, akateremka chini kidogo kwa kidole.

"Na huyu ni nani?"

Nikatazama. Ulikuwa ukurasa wa mtu mwingine, simjui, yuko wapi sijui. Alikuwa ameliiba swali langu lote na jibu langu lote, neno kwa neno. Jina la Semeni lilikuwepo. Panga lilikuwepo. Chini yake kulikuwa na mwizi mwingine, na yeye kaongeza picha ya mlima.

Wezi hawa nilikuwa nawafahamu. Huko nyuma niliwahi kufurahi wakiniiba, nikamwambia Yeremia kwamba ukiibiwa ujue una mali.

"Hao si mimi," nikasema. "Hao wameniibia."

"Kwa hiyo ukitema mate, upepo ukiyasambaza, si yako?"

Akamshika Yeremia kidole gumba, akakikunja kwa nyuma. Kikavunjika. Nilikisikia kutoka pale dirishani.

Nikamrukia. Nilimng'ang'ania Ezekiel mgongoni, nikamng'ata sikio hadi likatoa damu. Wanaume wa mlangoni wakanivuta nywele, wakanibwaga chini, mmoja akanikanyaga mkono. Teke likanipata tumboni. Nilijikunja pale chini, uso wangu ukawa umeelekeana na uso wa Semeni.

Alikuwa ananitazama. Hakuwa na chuki. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya teke.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "waambie mimi sikuandika. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Hata simu yangu ni ya kitochi."

Nikafumba macho.

"Mnyanyueni," alisema mzee Severini. "Na wewe Ezekiel, keti. Keti nimesema."

Ezekiel akaketi. Mjomba akisema keti, huku mlimani unaketi. Damu ya sikio ilikuwa inamtiririkia shingoni na hakuifuta.

Mzee akanisogezea kreti. "Unatoka wapi wewe, kwa asili?"

"Songea, mzee. Wangoni. Lakini nimezaliwa Morogoro mjini."

"Kwenu shamba la baba ni la nani akifa?"

"La watoto wake wa kiume."

"Ndiyo maana. Sasa nisikilize. Huku ardhi ni ya tombo." Akagusa kifua chake. "Ziwa la mama, yaani ukoo wa mama. Athanas alilima pale kwa sababu ya ziwa alilonyonya, na mimi nilinyonya hilohilo. Semeni na watoto wake wana ziwa lao, na wana ardhi yao ng'ambo ya mto, nzuri kuliko hii. Hakuna ambaye angelala njaa. Hilo uliliandika?"

"Sikuliandika, mzee."

"Ulimuuliza nani kabla ya kuandika?"

"Sikumuuliza mtu."

Akatikisa kichwa. Niliona macho yake yamejaa maji.

"Nikuambie siku ile ilivyokuwa. Arobaini ya Athanas ilikuwa imepita. Kwetu arobaini ikipita, ukoo wote unakwenda shambani kwa marehemu. Tunafyeka, tunavuna, mavuno yote anapewa mjane. Kisha tunakula pamoja, ndipo tunazungumza. Kabichi zilikuwa zimepasuka kwa kukomaa. Tukapanda pale asubuhi, vijana wanaimba, Jastin yuko mbele, ndiye aliyeanzisha wimbo. Tumeshika panga. Binti, nani huku anakwenda shambani bila panga? Ulitaka twende na kalamu?"

Akajifuta macho kwa kofia, akaendelea.

"Godfrey, mtoto wa Semeni, alikuwa ndani. Alikuwa amelisoma jibu lako, amewasomea na wadogo zake. Akachungulia akaona tunakuja na panga, kama ulivyomwambia. Akatoka nyuma ya migomba. Jastin alikuwa bado anaimba alipokatwa."

Hata Yeremia aliacha kuguna.

Nakwambia ukweli wewe unayenisoma, nimewahi kufanya mambo mengi ya kipumbavu. Nimewahi kuandika dawa ya jino sijui hata ninachosema. Lakini pale ndipo nilipojua maneno yangu yalifanya nini. Watu walikuwa wanakwenda kumvunia mjane kabichi.

"Godfrey amekimbilia msituni," akaendelea mzee. "Yeye ni mtoto, aliogopa. Tutampata. Lakini swali aliuliza mama yake. Mama yake ndiye aliyetuchongea kwa watu wa mtandao kwamba tunanyang'anya. Sisi tuliokuwa tunampelekea chumvi! Aliuliza kabla hata ya matanga, maana tarehe tumeiona. Alimwombea mume wake kifo? Ndiyo maana yuko pale kwenye kona."

"Sikuuliza, shemeji," akasema Semeni. "Naapa kwa Bikira Maria."

"Nyamaza!" Ezekiel akanyanyuka, akamtia teke la paja. "Nyamaza, mchawi wewe! Ulimzika mjomba wangu kabla hajafa!"

Akamtia jingine. Semeni hakujikinga, mikono ilikuwa imefungwa. Alikuwa anaomba tu kwa sauti ndogo, salamu Maria, akikatizwa na kila teke.

Hapo uoga wangu ukanishinda, au mimi nikaushinda, sijui.

"Hakuuliza!" nikapayuka. "Mwacheni! Hakuna aliyeuliza!"

Ezekiel akageuka.

"Swali nililiandika mimi," nikasema. "Yote naandika mimi. Maswali na majibu. Nakaa Mafiga na simu yangu, natazama watu wanatafuta nini, naandika kana kwamba kuna mtu ameniuliza. Jina la Semeni nililiokota kichwani. Simjui. Sijawahi kumwona. Muulizeni Yeremia."

Yeremia aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Kwa nini?" mzee Severini akaniuliza. Si kwa hasira. Alitaka kujua kweli.

"Ili watu waingie kwangu, mzee."

"Waingie wafanye nini?"

"Waingie tu."

Mzee akainuka, magoti yakalia, akaenda kwenye kona. Akapiga goti mbele ya yule mama, akaifungua ile khanga kwa mikono yake mwenyewe, akamfunika nayo mabegani.

"Shemeji," akasema, "tumekukosea. Ukoo wote umekukosea. Nitakuja na mbuzi, nitakuja mbele ya watu."

Semeni akaanza kulia kwa kwikwi. Sasa ndiyo alilia, baada ya kipigo chote kile.

"Mfungueni huyu kijana," mzee akaagiza. "Maji apewe."

"Alinipa mama yule," akasema Yeremia. Sauti ilikuwa imekwisha. "Jana. Walimpa kikombe kimoja akakisukuma kwangu kwa mguu."

Mmoja wa wanaume akaanza kuhangaika na fundo la kamba. Mimi nilikuwa nimeshika kidole cha mdogo wangu kilichovunjika, nampuliza kama mtoto. Nikajisemea, Editha, umesema ukweli mara moja katika maisha yako, na tazama, umefanya kazi.

Simu ya Ezekiel ikaita.

Ilikuwa mkononi mwake muda wote, ileile ya kutafutia. Akaitazama. "Mama," akamwambia mjomba wake. Mama yake alikuwa mjini, hospitali, kando ya kitanda cha Jastin.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ndiyo. Nakusikia."

Akasikiliza. Tulikuwa tunakisikia kilio cha mwanamke kwenye ile simu, cha mbali na chembamba, lakini maneno hatukuyasikia. Hayakuhitajika.

Akashusha simu.

"Jastin amekata roho," akasema.

Mzee Severini akaivaa kofia yake, kisha akaivua. Midomo ilimcheza. Akasema kitu kwa Kiluguru ambacho sikukielewa, na wanaume wote wakainamisha vichwa.

"Tunashuka," akasema hatimaye. "Tunamchukua mtoto wetu, tunamzika. Hakuna damu nyingine. Mnanisikia? Ezekiel, nipe hilo panga."

Akanyoosha mkono.

Ezekiel akamsukuma.

Alimsukuma mjomba wake kifuani kwa kiganja, kwa nguvu zote, na mzee akaenda chali juu ya makreti, kichwa kikagonga ubao. Wale wanaume walitoa mguno wa pamoja. Mjomba huku ndiye anayekuoza, ndiye anayekupa pa kulima, ndiye anayekuzika. Kumsukuma mjomba! Hakuna aliyesogea. Nadhani walishindwa kuamini.

"Damu nyingine ipo," akasema Ezekiel. "Ipo moja."

Aliyekuwa anafungua kamba akaruka pembeni. Ezekiel akamshika Yeremia kola, akamkandamiza kwenye nguzo, makali ya panga yakamgusa chini ya kidevu. Nikaona mstari mwekundu ukitokea.

"Ezekiel!" nikapiga magoti. "Niue mimi! Maneno ni yangu, yeye hakuandika hata moja!"

"Wewe sikuui. Wewe umeninyang'anya ndugu yangu. Na mimi nachukua wako, ukae na uchungu huo."

Panga likasogea nyuma.

"Mwache mtoto wa watu!"

Alikuwa Semeni. Alikuwa amesimama, ameshika ukuta, khanga imemwanguka.

"Huyu binti anaongopa," akasema. "Ananihurumia. Mimi ndiye niliyeuliza."

Ezekiel akasimamisha mkono.

"Nini?"

"Nilimtuma Godfrey aandike kwa simu yake. Athanas alikuwa ameanza kuugua, nikajua hatainuka. Nilitaka shamba. Nilimwambia Godfrey, wakija na panga wakute umejiandaa. Mimi ndiye niliyempa mwanangu lile panga, Ezekiel. Mwache huyo. Mimi ndiye."

Alikuwa anasema uongo. Mbali na yeye, ni mimi na Yeremia tu tuliojua kwa hakika. Mwanaye alikuwa ameua mtoto wa wifi yake, na mtoto wa mtu mwingine alikuwa karibu kulipa, na yeye ameona ni heri alipe mwenyewe. Hata sasa nikiandika hivi, kalamu inaniwia nzito.

"Shemeji, usifanye hivyo," aliguna mzee Severini kutoka chini. "Usifanye."

Ezekiel alikuwa anatweta. Alimtazama Semeni, akanitazama mimi. Machozi yalikuwa yanamtoka na nadhani hakujua.

"Nani mkweli?" akauliza.

Kisha akanigeukia.

"Wewe!" Akaninyooshea kidole, panga bado liko shingoni mwa mdogo wangu. "Wewe si ndiye mwenye majibu? Kama swali ni lako, huyu hapa anakwenda na Jastin. Kama ni la yule, namwachia huyu sasa hivi. Nijibu. Swali lile ni la nani?"

Nikamtazama Semeni. Akaniashiria kwa kichwa, kidogo sana, nikubali. Alikuwa ananiomba.

"Dada," akasema Yeremia, na kila neno lilikuwa linalikwaruza panga. "Usimsemee vibaya mama wa watu. Alinipa maji yake."

"Nijibu!"

Nilikuwa na pumzi ya neno moja tu.

"Ni lake," nikasema. "Semeni ndiye aliyeniuliza."

Yeremia akafumba jicho lake lililobaki. Ezekiel akaiachia kola ya mdogo wangu, akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye kona.